Tamu Isiyochosha: Mwongozo wa Manukato kwa Watu wa Kigoma na Ujiji

Msimu wa maembe unapofika Ujiji, anayetaka kujifunza manukato hana haja ya kuanzia dukani. Achukue embe bivu, alifute vumbi, akwaruze ganda kwa ukucha karibu na kikonyo, halafu anuse. Kitakachotangulia ni ukali wa majani na utomvu, harufu yenye ubaridi inayozibua pua. Nyuma yake unakuja utamu wa nyama ya embe, mzito kiasi, na huo haukimbii. Ule ukali unatokana na kemikali nyepesi za jamii ya tapini, ambazo zimo pia kwenye maganda ya ndimu na majani ya msonobari. Utamu, kwa sehemu, unaletwa na laktoni, ndugu wa zile zinazoipa nazi harufu yake. Embe ni moja, harufu ni mbili, na kila moja ina saa yake.

Mtunga manukato anayetaka chupa iwe tamu na wakati huohuo iwe nyepesi hufanya kazi hiyohiyo: huweka mbele kitu cha kuchangamsha na nyuma kitu cha kubembeleza. Mwongozo huu ni wa yule anayeishi kando ya Ziwa Tanganyika na anataka chupa ya namna hiyo: karani wa Mwanga, mwalimu wa Gungu, mama anayeuza vitenge Ujiji, kijana anayengoja boti Kibirizi.

Kwanza tabia yake. Manukato matamu na mepesi ni ya asubuhi na mchana. Humfanya mtu aonekane ametoka kuoga muda si mrefu, nguo imepigwa pasi, na moyo uko mahali pake. Hayana ule uzito wa udi, ambao ni wa usiku, wa ndani, wa heshima ya ukumbini. Hayana pia ukimya wa miski peke yake. Ni harufu ya kusalimiana na watu, na anayeivaa vizuri husikika akiwa karibu tu: aliyeketi naye ubavuni anaifurahia, aliye ng'ambo ya barabara hana habari nayo. Ndiyo maana inamfaa mtu wa kaunta, wa darasani, wa sokoni, mwanamke kwa mwanamume. Dhana kwamba utamu ni wa kina dada peke yao haina mashiko. Kijana aliyevaa kanzu nyeupe na harufu ya chenza na sandali hana upungufu wowote.

Lakini ipo shida moja, nayo ndiyo inayowafanya wengi wajutie fedha yao. Wepesi ndio unaokuuzia chupa, utamu ndio utakaoishi nao. Dukani unanusa dakika ya kwanza, unapenda, unalipa. Nyumbani unabaki na saa ya tatu.

Tofauti ya pande hizo mbili inaonekana vizuri katika kazi za mtu mmoja, Mfaransa Olivier Cresp. Mwaka 1992 alishiriki kutunga Angel ya Thierry Mugler, iliyojaa etili-maltoli, kemikali inayonukia sukari iliyochomwa, juu ya pachuli nzito. Chupa hiyo ilifungua mlango wa manukato yote yanayonukia peremende na keki ambayo leo yamejaa madukani. Mwaka 2001 mtu huyohuyo akatunga Light Blue ya Dolce & Gabbana: limau, tufaha la kijani, maua kidogo, na mwerezi chini yake. Saa nane mchana, jua likiwaka juu ya mabati ya Mwanga, harufu ya aina ya Angel humkaba mvaaji na majirani zake. Ya aina ya Light Blue humpoza, ila baada ya muda si mrefu inakuwa imefifia. Chupa nyingi zinazouzwa sasa kutoka Falme za Kiarabu hujaribu kukaa katikati. Yara ya kampuni ya Lattafa, iliyotoka mwaka 2020, ni mfano: mbele ina chenza na maua, katikati matunda ya nchi za joto, nyuma vanila, miski na sandali. Anayeinusa mwanzoni na anayeinusa jioni wananusa vitu viwili.

Sababu iko kwenye uzito wa chembe zenyewe. Harufu ya limau, ndimu na chungwa inabebwa zaidi na limonini, chembe ndogo inayoruka hewani mara tu inapopata joto la ngozi. Robo saa hivi na nguvu yake imeshavunjika. Maua hukaa saa mbili au tatu. Vanila, miski, sandali na ambari huganda kwenye ngozi mpaka jioni, na kwenye nguo hata kesho yake. Vanilini, uti wa mgongo wa utamu mwingi, ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Wajerumani Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, na tangu hapo imekuwa rahisi kwa kila kiwanda kuimwaga bila kipimo. Vanila ya kweli, ile inayolimwa Kagera na Uganda, ni kazi ya mikono: kila ua linachavushwa na mtu, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Ina moshi kidogo, ina ukavu kidogo, na haikinaishi upesi. Chupa ya bei ya chini itakupa vanilini tupu, na vanilini tupu katika hewa ya joto huchosha.

Wapo waliopata njia ya kuurefusha ule wepesi. Mwaka 1966 Edmond Roudnitska aliitumia kemikali iitwayo hedioni katika Eau Sauvage ya Christian Dior. Hedioni inanukia yasmini yenye hewa ndani yake, na inadumu kuliko limau. Kwa mnunuzi, somo ni hili: usitafute wepesi unaotokana na ndimu peke yake. Tafuta ule unaoshikiliwa na yasmini nyepesi, tangawizi, chai au miski safi. Huo utakufikisha adhuhuri.

Kabla ya kutoa fedha, fundisha pua nyumbani. Gharama yake ni ndogo mno. Menya ndimu, likunje ganda lake karibu na pua mpaka mafuta yaruke. Ponda mchaichai. Sugua jani la rihani. Kata tangawizi mbichi. Hiyo ndiyo familia ya wepesi, na utagundua kwamba hata ndani yake hali si moja: ndimu inaamsha, mchaichai unatuliza, tangawizi inapasha moto. Kisha onja upande wa pili kwa pua: asali ya Kibondo, ndizi iliyoiva kupita kiasi, nazi iliyokunwa. Ukipata langilangi, ua la manjano linalostawi Pemba na ambalo Comoro ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa duniani, linuse asubuhi na tena usiku. Lina utamu wa ndizi mbele na uzito wa viungo nyuma, na ni mojawapo ya nguzo za Chanel No. 5 ya mwaka 1921. Mtu aliyenusa vitu hivi kwa makini kwa juma moja haambiwi lolote dukani.

Kigoma ina mwalimu mwingine wa pua ambaye watu hawamfikirii kabisa linapokuja suala la manukato: mawese. Mawese mapya, yasiyochacha, yana harufu ya maua kwa mbali. Anayeyapikia kila siku ameshaizoea, lakini mgeni huitambua. Wekundu wake ni karotini, ileile ya kwenye karoti, na karotini ikivunjika hutoa beta-ayononi, chembe ambayo ni moyo wa harufu ya ua la violeti. Katikati ya karne ya 15, Alvise Cadamosto, baharia wa Venice aliyefika pwani ya Afrika Magharibi, aliyasifu mafuta ya mchikichi kwa harufu kama ya violeti na rangi kama ya zafarani. Ilichukua zaidi ya miaka 400 kabla wanakemia hawajaeleza kwa nini. Mwaka 1893 Tiemann, yuleyule wa vanilini, akiwa na Paul Krüger, alitengeneza ayononi maabara, na manukato ya violeti yaliyokuwa ya matajiri tu yakashuka bei. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anasema chupa fulani ina violeti au ina utamu wa poda, nenda kwanza ukafungue dumu la mawese mapya, unuse taratibu bila kulitikisa. Mishipa ya pua itakumbuka. Utamu huo wa poda, ukiwekwa chini ya chenza au tufaha, ndio unaofaa zaidi hewa ya ziwani, kwa kuwa ni mkavu na hauna sukari. Kama kuna jambo moja la kushikilia katika mwongozo huu wote, ni hilo.

Usiyapake mawese mwilini ukitafuta harufu hiyo, maana yatakutia doa.

Hali ya hewa nayo ina neno. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na joto la mchana mjini huwa karibu nyuzi 28 hadi 30. Kuanzia Mei mpaka Septemba ni kiangazi: upepo wa kusini unavuma, hewa ni kavu, vumbi jekundu linapanda, na usiku huwa na baridi kiasi. Ngozi kavu hainasi manukato, na pua kavu hainusi vizuri. Katika miezi hiyo utamu unaweza kuongezwa. Paka kwanza mafuta yasiyo na harufu, au mafuta ya nazi kidogo, ndipo upulizie. Ngozi yenye mafuta hushika harufu muda mrefu zaidi. Mvua zikianza, kati ya Oktoba na Novemba, mpaka zinapokatika kuelekea Mei, geuza mpango. Hewa yenye unyevu hufanya kila harufu isikike kwa nguvu, na utamu uliokuwa mpole mwezi wa saba utapiga kelele mwezi wa pili. Punguza nusu, au badilisha chupa. Siku ya mvua ya kwanza yenyewe, pengine usijipulizie kitu. Ile harufu ya udongo uliolowa, inayotokana na jiosimini ya bakteria wa ardhini, ni nzuri kiasi kwamba mafundi wa Kannauj nchini India huipika kutoka kwenye vigae vya udongo na kuiuza kama mafuta.

Tahadhari pia na chupa zenye picha ya mawimbi. Harufu ya bahari katika manukato ya kisasa hutokana sana na kaloni, kemikali iliyogunduliwa na watafiti wa kampuni ya Pfizer mwaka 1966, yenye dalili ya tikiti maji na upepo wa chumvi. Ziwa Tanganyika halina chumvi ya namna hiyo wala mwani wa baharini. Ni maji baridi, na kina chake kinafika mita 1,470. Aliyekulia Bangwe au Katonga akivaa chupa ya bahari ya Ulaya huhisi amevaa pwani ya watu wengine. Anayependa maji achague yenye tango, tikiti au majani mabichi.

Na dagaa? Hakuna mwongozo wa manukato wa Kigoma utakaowakwepa. Mwanamke aliyeanika dagaa tangu alfajiri Katonga au Kibirizi, au aliyepakua migebuka, mara nyingi huharakisha kujipulizia kitu kitamu kabla ya kupanda daladala. Matokeo ni mabaya kuliko dagaa peke yake, kwa sababu vanila juu ya samaki hutoa harufu ya tatu ambayo haina jina zuri. Harufu ya samaki inatokana na amini, na amini hazifunikwi bali huvunjwa nguvu. Ndimu au siki hufanya kazi hiyo: asidi yake huzigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Sugua mikono kwa ndimu, kisha osha vizuri kwa sabuni na maji mengi kabla ya kutoka juani. Halafu ngojea ngozi ikauke. Ndipo upake kitu chepesi, cha limau na miski, si cha peremende.

Kuosha huko kabla ya jua si mapambo ya maneno. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, furokumarini iliyomo inaweza kuunguza na kuacha baka jeusi la majuma kadhaa. Mafuta ya begamoti, tunda la Italia la jamii ya limau na chungwa linalotumika sana kwenye manukato mepesi, yana tabia hiyohiyo, ingawa viwanda vinavyofuata taratibu huondoa sehemu kubwa ya kemikali hiyo. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua lake halina mzaha. Ukienda ufukweni, pulizia upande wa ndani wa nguo au mahali palipofunikwa, usipulizie shingo iliyo wazi.

Sasa dukani. Kigoma mjini, Mwanga na Ujiji kuna namna mbili za kununua: chupa iliyofungwa kiwandani, na ya kupima. Marashi ya kupima huuzwa katika vichupa vya mililita 3, 6 na 12. Vipimo hivyo vina asili ya tola ya Kihindi, ambayo ni gramu 11.66, kichupa cha 12 ni tola moja, cha 3 ni robo tola. Anayeanza anunue robo. Hakuna ufahari wowote katika kununua chupa kubwa ya kitu usichokijua.

Jaribu harufu tatu tu kwa siku moja, zaidi ya hapo pua inachoka. Moja kwenye mkono wa kulia, moja wa kushoto, ya tatu kwenye karatasi au kitambaa. Usisugue mikono. Muulize muuzaji kwa adabu, "Kaka, hii ikishatulia inabaki nini?" Mwenye kuijua kazi yake atakutajia vanila, miski, sandali au ambari bila kusita, asiyejua atakuambia inakaa siku mbili. Kisha ondoka. Nenda kaangalie vitenge, kanywe chai, fanya shughuli zako, rudi baada ya saa mbili au tatu ukiwa na jibu mkononi. Wauzaji wengine hukupa buni za kahawa unuse ili kusafisha pua, na kahawa nzuri ya Buhigwe kweli haikosi utamu wake, lakini kutoka nje kuvuta hewa au kunusa kiwiko chako mwenyewe kunatosha.

Soma maandishi ya chupa. Maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa pale yanaeleza wingi wa mafuta ya harufu ndani ya spiriti. Eau de Cologne ina kiasi cha asilimia 2 hadi 5. Hiyo ndiyo familia kongwe ya wepesi, iliyoanzia kwa Mwitaliano Johann Maria Farina, ambaye biashara ya familia yake ilifunguliwa mjini Cologne mwaka 1709. Eau de Toilette ina kama asilimia 5 hadi 15, na Eau de Parfum kama 15 hadi 20. Wengi hukimbilia ya mwisho wakidhani nguvu ndiyo ubora. Kwa harufu tamu, msimu wa mvua, katika mji huu, Eau de Toilette ndiyo chaguo la mtu anayejua kuchagua. Ukitaka iendelee, beba kichupa kidogo uongeze saa saba.

Wapo wasiotumia manukato yenye spiriti, hasa kwa ajili ya msikitini, ingawa wanazuoni wametofautiana kuhusu jambo hilo. Ujiji, mji uliokuwa kituo cha misafara ya Bagamoyo na Tabora na ambao Uislamu wake una mizizi mirefu, una wateja wengi wa uturi, mafuta ya harufu yasiyo na spiriti. Mafuta hukaa karibu na ngozi na hudumu, ila hayarushi harufu juu kama spiriti inavyofanya, na kwa hiyo upande wa utamu husikika zaidi. Anayetaka uturi mwepesi aache ule wa chokoleti na vanila; aombe yasmini, waridi, au ndimu juu ya sandali. Tone moja nyuma ya kila sikio linatosha kwa Ijumaa nzima. Epuka kulidondosha kwenye kanzu nyeupe. Doa lake halitoki kirahisi.

Na tukitaja waridi, tusisahau kwamba yale marashi ya maji yanayonyunyizwa kwa mrashi kwenye maulidi ndiyo manukato matamu na mepesi ya kwanza ambayo wengi wetu tuliyajua tukiwa watoto. Ni matamu, ni baridi, hayalemei, na bei yake haitishi. Harufu yake ni hasa ya fenili-etanoli, sehemu ya waridi inayoyeyuka kwenye maji. Siku ya joto, nyunyiza kidogo kwenye leso, ujifute uso na shingo. Hakuna chupa ya ghali inayotoa faraja ya haraka kiasi hicho.

Kuhusu kiasi, kupulizia mara mbili kunatosha mchana, tatu jioni. Shingoni, kifuani chini ya nguo, kwenye mikunjo ya viwiko. Ukae ukijua kwamba baada ya muda mfupi pua yako mwenyewe itaacha kuisikia harufu uliyovaa. Hiyo ni kawaida ya pua zote, wala haimaanishi kwamba manukato yameisha. Wengi huongeza hapo, na ndipo wanapovuka mpaka. Ukitilia shaka, muulize mtu wa nyumbani, atakuambia kweli.

Kuna mahali ambako ni bora uende ukiwa umeiacha chupa nyumbani. Kwenye boti za abiria zinazotoka Kibirizi kuelekea vijiji vya kaskazini, harufu tamu ikikutana na ya petroli na mawimbi, jirani yako atatapika kabla ya kufika. Kwenye Hifadhi ya Gombe hakuna anayehitaji vanila msituni, na wadudu huvutwa na harufu ya maua. Wafugaji wa nyuki wa Kibondo na Kakonko hawakaribii mizinga wakiwa wamejipulizia, na wana sababu nzuri. Wodini, kwa mgonjwa wa pumu, na kwa mama aliyejifungua juzi, nenda na harufu ya sabuni tu.

Harusi ni habari nyingine, na inastahili mpango. Ukumbi utakuwa na udi, wali wa nazi, jasho la kucheza, na marashi ya wageni mia kadhaa. Utamu wa sukari ukiingia humo hupotea au huongeza vurugu. Fanya hivi: usiku wa kuamkia harusi, fukiza nguo. Weka udi kidogo kwenye chetezo, tandaza kanga, gauni au kanzu juu ya tenga, moshi uingie taratibu kwa dakika chache, kisha zitundike. Asubuhi udi utakuwa umetulia ndani ya uzi. Baada ya kuoga, paka kwenye ngozi tu manukato ya chenza, waridi au yasmini. Udi unakuwa sakafu, wepesi unatembea juu yake. Bibi harusi anayefanya hivyo hunukia vizuri akiwa amekaa na akiwa anacheza, na picha za saa tano usiku zitampata bado yuko hivyo. Anayependa kukamilisha kwa liwa au dalia asiongeze tena chupa ya vanila, achague.

Kuhusu bidhaa bandia, macho yasaidie pua. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, baada ya kazi hiyo kutoka kwa iliyokuwa TFDA. Chupa halali huwa na orodha ya viambato, namba ya toleo, jina la mtengenezaji na tarehe. Harufu inayochoma pua kama spiriti ya hospitali na kuendelea kuchoma baada ya dakika mbili ni ya kurudisha. Spiriti ya methanoli, ambayo wahalifu wameitumia kwenye manukato ya bei poa katika nchi mbalimbali, ni sumu, na hupenya hata kupitia ngozi. Nembo kubwa ya Ulaya inayouzwa kwa bei ya soda haihitaji uchunguzi zaidi.

Nyumbani, maadui ni joto, mwanga na hewa. Chumba chenye bati bila dari hupikika mchana, na dirishani ndiko kubaya zaidi. Weka chupa ndani ya boksi lake, kwenye sehemu ya chini ya kabati au ndani ya sanduku la nguo. Sehemu ya limau ndiyo inayokufa kwanza: limonini ikikutana na hewa muda mrefu hubadilika, ikanukia kama tapentaini, na inaweza kuwasha ngozi. Chupa iliyofikia hapo usiipake tena mwilini. Nusa kila unapoanza msimu mpya. Kama kile kitu cha mbele kimepotea na umebaki utamu tu, pulizia kwenye pazia au mkeka wa mlangoni mpaka iishe. Jambo moja lisifanyike kamwe: usipulizie manukato ya spiriti juu ya chetezo, jiko la mkaa au karibu na karabai. Yanashika moto papo hapo, na chupa yenyewe isikae jikoni wala kando ya dumu la petroli kwenye boti.